Kinu Kimeshika

Redioni walimwita Mama Kamusi, na ingawa alijifanya kukereka, jina hilo lilimkaa vizuri kama gauni la kushonewa. Taarifa yoyote ikija kwa lugha ya kigeni, iwe ya mafuriko, ya mpira au ya mawaziri waliokutana wakashikana mikono, ilipitia kwake kwanza. Mtangazaji aliisoma kama yeye alivyoiandika, haongezi wala hapunguzi. Mji mzima ulikuwa umezoea kuyasikia maneno yake kwa sauti ya mtu mwingine, na hakuna aliyejua.

Wiki hiyo alikuwa anafanya kazi akiwa hospitali. Mama mkwe wake, ambaye wajukuu walimbandika jina la Bibi Kipaza kwa sababu akimwita mtu mmoja nyumba tatu zinaitika, alikuwa ameshikwa na kichomi. Kilianza kama mafua, akakipuuza, akakiongezea na kazi za bustanini. Sasa alikuwa amelala kwenye chumba cha wagonjwa mahututi, oksijeni puani, na ile sauti yake imeishia kwenye mkoromo mdogo kama wa mtoto. Mume wa Mama Kamusi alikuwa safarini kikazi, na kila akipiga simu aliuliza swali lile lile: "Mama anasemaje?" Hilo ndilo swali lililokuwa linamkata maini mkewe, maana Mama hasemi kitu.

Basi Mama Kamusi alijitafutia benchi kwenye korido, akaweka kompyuta mapajani, na mhariri akawa anamtumia taarifa huko huko. Kila mlango wa chumba kile ulipofunguliwa alinyanyua kichwa. Asubuhi hiyo daktari mkuu wa wodi, mama mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni, alitoka na muuguzi, na Mama Kamusi akamsikia akimwambia kwa lugha ya kigeni kwamba mgonjwa wa kitanda cha dirishani bado yuko "kritikali". Kitanda cha dirishani kilikuwa cha Bibi Kipaza. Mama Kamusi hakuhitaji kamusi kujua kwamba maana yake ni mahututi. Neno lile lilimwingia sikioni likakaa, likawa linajirudia kila alipovuta pumzi.

Hapo ndipo taarifa ya kinu ilipoingia.

Juu ya kilima, nje kidogo ya mji, palikuwa na kinu kidogo cha nyuklia. Hakikuwa cha kuzalisha umeme. Kilikuwa cha utafiti, na humo ndimo zilimotengenezwa dawa za mionzi kwa ajili ya wagonjwa wa saratani. Kilikuwa kimezimwa muda mrefu kwa matengenezo, kiasi kwamba wengi mjini walikuwa wamekisahau. Mama Kamusi hakuwa amekisahau, kwa sababu mdogo wake, mtu aliyepewa jina la Taratibu tangu utotoni kwa jinsi alivyokuwa anakula, anatembea na hata kulia polepole, alikuwa mmoja wa mafundi waongozaji wa kinu hicho.

Taarifa yenyewe ilikuwa sentensi moja. Ilisema kwamba kinu cha utafiti kimefikia hali ya "kritikali" asubuhi hiyo, na taarifa zaidi zitafuata.

Aliisoma mara ya kwanza haraka. Akaisoma tena. Ni neno lile lile la daktari. Mkono wake ukaenda kwenye simu kabla akili haijamwagiza, akampigia Taratibu. Simu ya Taratibu ilikuwa imezimwa. Akapiga tena. Imezimwa. Akakumbuka kwamba wakiwa zamu huziacha simu mlangoni, lakini kumbukumbu hiyo haikumsaidia, maana mtu mwenye hofu husikia ukimya kwa namna yake. Kwa nini taarifa iwe fupi hivi? Kwa sababu aliyeiandika alikuwa hana muda. Kwa nini hana muda? Jibu hakutaka kulifikiria.

Mhariri akapiga. "Dada, ile ya kinu vipi? Taarifa ya saa sita iko mlangoni, naihitaji."

"Nimempigia mdogo wangu, hapatikani."

"Na mimi nimepiga ofisini kwao, simu inaita tu. Kwani imeandikwaje?"

Mama Kamusi akatazama ule mlango wa wagonjwa mahututi. "Imeandikwa kwamba kimefikia hali ya hatari."

"Una uhakika?"

"Ndivyo walivyoandika wenyewe."

"Basi lete. Kama watu wanatakiwa kujiokoa, hatuwezi kukalia habari."

Akaandika: Kinu cha nyuklia kilichopo kilimani kimefikia hali ya hatari leo asubuhi. Akatuma. Kisha akakaa ameukumbatia mkoba wake, akisubiri kuyasikia maneno yake.

Mlinzi wa mapokezi alikuwa na redio mezani. Mtangazaji alisoma kwa ile sauti yake nzito ya misibani, na korido nzima ikanyamaza. Halafu mwanamume mmoja aliyekuwa amebeba chupa ya chai akaiweka chini taratibu, kama mtu anayeogopa kuiamsha, akasema, "Kinu gani? Kile cha mionzi?" Hapo ndipo watu waliposhtuka wote kwa pamoja.

Mama Kamusi hakuwahi kuona hofu ikitembea namna ile. Ilianzia mapokezi ikapanda ngazi. Wauguzi walikimbilia madirishani. Nje, magari yalikuwa yanageuza barabarani yakipigiana honi, madukani mageti ya chuma yanashushwa kwa vishindo, na watoto wa shule wanamiminika getini na mabegi mgongoni, wengine wanacheka kwa kuwa wametoka mapema, wengine wanalia kwa kuwa wanaona wakubwa wanakimbia. Kila mtu alitazama upande wa kilimani. Kilima chenyewe kilikuwa kimetulia, hakina hili wala lile.

Simu yake ikaita. Alikuwa wifi yake, mke wa Taratibu, fundi cherehani aliyekuwa anaishi chini ya kilima kile. Sauti yake ilikuwa inapaa na kushuka.

"Wifi, umesikia redio?"

"Nimesikia."

"Ni kweli? Wewe si ndiye unayejua mambo ya redio. Niambie ni kweli?"

"Ni kweli, wifi yangu. Taarifa imetoka huko huko kituoni kwao. Funga nyumba, toka hapo, njoo mjini."

"Nije mjini nimwache nani kilimani?"

"Wifi, nisikilize..."

"Mume wangu yumo mle ndani. Mimi napanda."

Simu ikakatika. Mama Kamusi akapiga, akapiga, akapiga. Inaita bila kupokelewa. Akamwona wifi yake kama vile yuko mbele yake: ule wembamba wake, utepe wa kupimia nguo bado uko shingoni, anapanda kilima ilhali mji mzima unashuka.

Alisimama, akakaa, akasimama tena. Hakujua ashike lipi aache lipi. Amwache Bibi Kipaza na oksijeni yake amfuate wifi? Na wapo waliokuwa wanajiuliza hilo hilo. Kwenye mlango wa wagonjwa mahututi jamaa walikuwa wamejazana wakitaka kuwatoa ndugu zao. Kijana mmoja mwenye kifua kipana alikuwa anadai apewe baba yake ambebe mgongoni.

"Baba yako akitoka kwenye mashine hii hafiki getini," daktari alikuwa anamwambia. Alikuwa amesimama kizingitini, mikono ameitandaza kushika miimo yote miwili, miwani inaning'inia kifuani. "Umenielewa? Hafiki getini."

"Na akibaki aungue?"

"Akibaki nabaki naye. Mimi naenda wapi?"

Kijana akarudi nyuma hatua moja, lakini hakuondoka.

Simu ya Mama Kamusi ikaita tena. Aliitazama akadhani macho yanamdanganya. Lilikuwa jina la Taratibu.

"Dada!" Taratibu alikuwa anapiga kelele, mtu ambaye maisha yake yote hajawahi kupiga kelele. Nyuma yake kulikuwa na vicheko na makofi. "Dada, kimeshika! Kinu kimeshika!"

"Kimeshika moto?"

"Aa, kimeshika! Kimekubali! Tangu alfajiri tunakibembeleza, na sasa kimetulia palepale tulipotaka. Nimetoka sasa hivi kunywa maji, nikasema wa kwanza kumpigia ni wewe, halafu yule fundi cherehani wangu."

"Taratibu. Mnakufa huko au hamfi?"

"Nani anakufa?"

"Taarifa yenu imesema kinu kiko kritikali."

"Ndiyo! Ndiyo hiyo habari yenyewe! Kiko kritikali, ndiyo nakwambia kimeshika." Labda alisikia jinsi dada yake anavyopumua. "Dada, kuna nini?"

"Neno hilo maana yake nini? Niambie polepole. Kama unavyosema mambo yako yote."

Taratibu akashusha sauti. Akamweleza kwamba ndani ya kinu, chini ya maji, kuna fito zenye urani. Kiini cha urani kikipasuka kinarusha chembe ndogo zinazoitwa nyutroni. Nyingine zinapotea, nyingine zinamezwa na maji na vyuma, lakini ikibaki moja ya kwenda kupasua kiini kingine, na hicho nacho kikatoa moja ya kupasua kingine, kazi inajiendesha yenyewe. Haiongezeki, haipungui. "Ni kama moto wa kuni, dada. Mwanzoni unapuliza, unatia karatasi, ukiacha kupuliza unafifia. Halafu inafika mahali unaacha kupuliza na wenyewe unaendelea. Unasema moto umeshika. Sisi hapo ndipo tunaposema kritikali. Kinu kinachofanya kazi kila siku, kila siku kiko kritikali. Kikiwa chini ya hapo kimezimika."

"Na kikipita juu ya hapo?"

"Nguvu inapanda. Tukitaka ipande tunaiachia kidogo, tukitaka isimame tunashusha fito za kuzuia. Ndiyo kazi tunayolipwa. Lakini leo hakuna kilichopita popote. Leo ni siku ya sherehe. Dada, mbona hunijibu?"

Furaha kwamba mdogo wake ni mzima ilimgusa, ikapita kama upepo wa mlangoni, na nyuma yake likaja jambo zito kuliko hofu yote ya asubuhi. Hakuna hatari kilimani. Hatari iliyopo iko barabarani, na ameitengeneza yeye.

"Mkeo anakuja huko," akasema. "Anapanda kwa miguu. Kamtafute. Usiniulize kitu, nenda."

Akampigia mhariri, akamweleza kwa pumzi moja. Mhariri hakutukana. Afadhali angetukana. Alisema tu, "Ee Mungu wangu," halafu akasema watasoma masahihisho sasa hivi.

Yakasomwa. Mtangazaji, kwa sauti ile ile nzito, akasema kwamba kinu kiko salama, wananchi watulie, habari iliyotangulia ilikuwa na hitilafu ya kitaalamu. Mama Kamusi akatazama nyuso za watu pale mapokezi, akaona kitu ambacho hakukitarajia: walizidi kuogopa.

"Mnaona?" yule kijana wa kifua kipana akasema. "Wameshaambiwa wafiche."

"Hitilafu ya kitaalamu ndiyo nini?" mwingine akauliza. "Si ndiyo kuvuja kwenyewe!"

Mlinzi mwenyewe, mwenye redio, akaanza kukusanya vitu vyake. Nje honi zikaongezeka. Mama Kamusi akapenya katikati ya watu mpaka mlangoni kwa daktari, akamshika mkono wa koti.

"Daktari, kinu ni kizima. Mdogo wangu anafanya kazi pale, nimeongea naye. Neno la redioni ni langu. Mimi ndiye niliyelitafsiri vibaya."

Daktari alimtazama kwa muda, kwanza yeye, halafu kompyuta iliyokuwa imebaki wazi kwenye benchi. "Neno gani?"

"Kritikali. Nilikusikia asubuhi ukilitumia kwa mama mkwe wangu. Nikadhani ni lile lile."

"Ni lile lile," daktari akasema. Alikuwa amechoka hata hasira haikuweza kumpanda vizuri. "Balaa lake ndilo hilo. Lilikuwa letu kabla halijawa lao."

"Lenu kivipi?"

Daktari hakuondoa mikono mlangoni. Alizungumza akiwa vile vile, na waliokuwa wanasukumana mbele yake wakapunguza kelele, maana mtu akiongea chini katikati ya vurugu watu hutaka kujua anasema nini. Akasema kwamba Wagiriki wa kale walikuwa na neno la kupembua, kutenga hiki na kile, kukata shauri. Waganga wao wakalichukua kwa ajili ya wagonjwa, hasa wa homa kama hii ya kichomi. Homa inapanda siku hadi siku, halafu inafika saa moja ugonjwa unakata shauri wenyewe: mgonjwa anatokwa na jasho, homa inashuka, anapona, au hapana. Saa hiyo ndiyo waliyoipa jina.

"Halikuwa na maana ya kufa," akasema. "Lilikuwa na maana ya kufika penye kuamuliwa. Sisi madaktari, kwa kuwa tunaogopa, tumelitumia kwenye ubaya mpaka likanuka. Wanasayansi wakaliazima kwa kila kitu kilichofika mpakani, kama lile joto ambalo likipitwa huwezi tena kusema hiki ni maji na hiki ni mvuke. Watu wa vinu nadhani walilipatia huko. Mpaka wao ni kati ya kuzimika na kujiendesha." Akamtazama Mama Kamusi. "Wewe ndiye uliyelitoa?"

"Ndiyo."

"Basi lirudishe. Mimi nina watu hawa wa kuwazuia, na mikono ni miwili tu."

Mama Kamusi alimpigia mhariri akamwambia anataka kuingia hewani kwa simu, moja kwa moja. Mhariri akasita. Mkurugenzi alikuwa ameagiza habari ile isiguswe tena mpaka ofisa kutoka serikalini afike studio.

"Ofisa atafika lini?"

"Barabara imeziba. Sijui."

"Imeziba kwa sababu yetu. Watu wanakanyagana, kaka. Wifi yangu yuko barabarani hapo. Nisipoongea na redio nitatoka nje nipige kelele kwa mdomo, na mimi sauti ya mama mkwe wangu sina."

Upande wa pili akamsikia mhariri akimwambia fundi mitambo, "Mwingize."

Alizoea kuandika; kusema hakuzoea. Sauti yake ilipotoka kwenye redio ya mlinzi, nyembamba na yenye kutetemeka, hakuitambua. Watu koridoni waligeuka wakamwona mwenye sauti amesimama pale pale kati yao, simu sikioni.

"Mimi si mtangazaji," akaanza. "Mimi ndiye ninayeandika maneno mnayosomewa. Habari ya kinu niliiandika mimi, na nilikosea. Hakuna aliyenituma niseme hivi. Niko hospitali, mama mkwe wangu anaumwa sana, na daktari alikuwa ametumia neno fulani la kigeni kumwelezea. Taarifa ya kinu ilipokuja na neno lile lile, nikasoma ugonjwa mahali pasipo na ugonjwa."

Alijua akisema "salama" watakimbia. Akawaambia habari ya moto wa kuni badala yake. Akawaambia jinsi unavyopuliza na moshi unavyokutoa machozi, na ile dakika unapoacha kupuliza na moto unabaki. Akasema neno lile kwa mafundi wa kinu maana yake ni hiyo tu: kimeshika. Akasema mdogo wake yumo mle ndani na ameongea naye kwa simu akicheka. "Kama kungekuwa na hatari kule, mimi nisingekuwa hapa nawaelezeni maneno. Ningekuwa barabarani nalia kama ninyi. Nawaombeni, simameni mlipo. Aliyeangusha mwenzake amwinue. Mwenye mtoto wa mtu mkononi amuulize jina lake. Kosa ni langu, kinu hakina kosa."

Alipomaliza hakuna aliyepiga makofi. Mlinzi alikuwa ameshika begi lake bado. Yule kijana akamwangalia usoni kwa muda mrefu, jinsi mtu anavyomwangalia mwizi aliyejisalimisha mwenyewe, halafu akakaa chini sakafuni, mgongo ukutani, akaanza kulia. Mikono ya daktari ikashuka kutoka kwenye miimo ya mlango.

Mji haukurudi mara moja. Wengi hawakuwa na redio karibu, wengine walisikia wakaendelea kukimbia kwa usalama zaidi. Lakini polepole honi zilipungua. Magari yakaanza kugeuza tena, safari hii kwa aibu, na madereva walikwepa kutazamana.

Halafu wakaanza kuletwa majeruhi. Walikuja kwa pikipiki, kwa mabega, mmoja kwa mkokoteni. Wengi walikuwa na michubuko na viwiko vilivyoteguka. Mama Kamusi alisimama mapokezi akimtazama kila anayeingia, akiomba asimwone anayemtafuta. Akamwona. Taratibu alikuwa amembeba mkewe mikononi, bado kavaa ovaroli ya kazi, na mguu wa mkewe ulikuwa umekaa vibaya, vibaya kabisa. Pikipiki iliyokuwa inashuka kilima na abiria watatu ilimgonga akiwa anapanda.

"Wifi," Mama Kamusi akasema.

Wifi yake alifumbua macho. Uso ulikuwa umejaa vumbi, na machozi yalikuwa yamechimba mifereji miwili juu yake. "Nilikuuliza," akasema. "Nilikuuliza wewe, ukaniambia ni kweli."

Taratibu akapita naye kwenda ndani. Hakumtupia dada yake neno lolote, na hilo lilimchoma kuliko lile la mkewe.

Jasho la Bibi Kipaza lilitoka siku iliyofuata, wakati wa mchana. Muuguzi alikuja mbio kumwita Mama Kamusi, akamkuta mama mkwe wake amelowa mwili mzima, shuka limemganda, na paji la uso limepoa. Alikuwa amefumbua macho anatafuta wa kumgombeza. Alipoelezwa kwamba jana mji mzima ulikimbia kwa sababu ya kinu, alisogeza barakoa ya oksijeni pembeni akauliza kwa kile kisauti kilichobaki, "Kinu gani? Cha kutwangia?" Muuguzi alicheka mpaka akajishika mbavu. Mama Kamusi alitaka kucheka, likatoka jambo jingine, ikabidi ageukie dirishani.

Redioni alisimamishwa kazi. Hakubisha. Mhariri alimtetea kadiri alivyoweza, akasema naye aliuliza swali akaridhika na jibu, kwa hiyo kosa wagawane. Kituo cha kilimani nacho kilitupiwa lawama kwa kutuma sentensi moja isiyo na kichwa wala miguu kwa watu wasiojua lugha ya vinu. Wakuu wa kituo waliitisha kikao, wakamwalika Mama Kamusi, na kwa mara ya kwanza akakaa meza moja na wahandisi wakibishana juu ya neno la kutumia badala ya kritikali. Mmoja alitaka "hali kizingiti". Mwingine alitaka "ukomo wa mnyumbuliko", na aliposema hivyo hata wenzake walimtazama. Taratibu, aliyekuwa amekaa mwisho wa meza na alikuwa bado haongei na dada yake zaidi ya salamu, akasema kwamba ndani ya chumba cha kuongozea wao kwa wao husema kimeshika, basi.

"Ni neno la jikoni," mhandisi mkuu akasema.

"Ndiyo," Mama Kamusi akajibu. "Jikoni hakuna asiyelijua."

Likapitishwa, ingawa mhandisi mkuu aliliandika kwa shingo upande.

Alirudishwa kazini baada ya kitambo. Mguu wa wifi yake uliunga, ila haukurudi sawa; akawa anachechemea kidogo, na cherehani ya kukanyaga akalazimika kuikanyaga kwa mguu mmoja. Mama Kamusi alikwenda kwake kila alipopata nafasi. Siku za mwanzo alikaribishwa kiti, akapewa maji, na wifi yake akaendelea kushona kama vile chumba kiko kitupu. Hakulaumiwa. Aliketi, akanyofoa nyuzi kwenye nguo zilizokwisha, akaaga. Siku moja, bila kuinua kichwa, wifi yake akamwambia, "Mkasi uko karibu na wewe," naye akampa, na kuanzia hapo wakawa wanazungumza, kwanza ya vitambaa, halafu ya watoto wa watu, halafu ya Taratibu na ule upole wake unaoudhi.

Kinu kilizimwa tena kwa ukaguzi, na siku ya kukiwasha ilipotangazwa, Mama Kamusi aliomba ruhusa kazini. Taarifa alikuwa ameiandika jana yake na kumwachia mhariri, imesomwa na wahandisi wawili. Alifika kwa wifi yake mapema akamkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, amevaa viatu, na begi lililofungwa liko karibu na mlango.

"Usinicheke," wifi yake akasema.

"Sicheki."

"Najua maana yake. Mume wangu amenieleza mpaka naota. Najua ni jambo zuri. Lakini mguu wangu haujui."

Mama Kamusi akavua mtandio, akakaa karibu yake, mabega yakagusana. Kwa jirani kulikuwa na mtu anafunga madirisha, moja baada ya jingine. Redio ilikuwa juu ya kabati, imewashwa kwa sauti ya chini, inapiga muziki. Simu ya wifi ilikuwa katikati yao kwenye shuka.

"Akichelewa kupiga?" wifi akauliza.

"Yule? Lazima achelewe."

Wifi yake akatabasamu kidogo, akamshika mkono, akaubana kwa nguvu. Wakabaki hivyo, wanaitazama simu, wakisubiri Taratibu apige aseme kimeshika.